Livingstone alipoishiwa karatasi

Wafanyabiashara wanaopanda boti Nchelenge kwenda upande wa Kongo huvuka ziwa alilolifikia David Livingstone Novemba 8, 1867. Mskoti huyo, aliyezaliwa 1813, aliandika kumbukumbu za safari karibu kila siku.

Baada ya Mweru, mambo yalimharibikia. Mwanzoni mwa 1869 aliugua sana, akabebwa na msafara wa Mohamad Bogharib, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, hadi Ziwa Tanganyika. Mwaka 1870 vidonda vya miguu vilimlaza miezi kadhaa Bambarre, Maniema. Karatasi na wino vikamwishia, na mzigo wa kutoka pwani haukufika.

Hakuacha kuandika. Alichukua magazeti ya zamani, akageuza rangi ya mmea wa huko kuwa wino, akaandika juu ya maandishi yaliyochapwa.

Ndimo alimoandika mauaji ya Julai 15, 1871 katika soko la Nyangwe, ambako watu wa wafanyabiashara wa watumwa waliwamiminia risasi wachuuzi, wengi wao wanawake.

Baadaye mwaka huo Henry Stanley alimkuta Ujiji, kisha akazifikisha habari hizo Uingereza. Zilisaidia kuongeza shinikizo kwa Sultani Barghash, na Juni 1873 soko la watumwa la Zanzibar likafungwa.

Livingstone hakulishuhudia hilo. Alikuwa amefariki mwezi mmoja kabla, kijijini kwa Chitambo, kusini mwa Ziwa Bangweulu. Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wake pamoja na maandishi yake hadi Bagamoyo.