Munganga aliyegeuka kuwa neno

Kuna neno moja la kitendo katika Kingereza ambalo watu wachache wanalijua: bowdlerize. Maana yake ni kutosha maneno ya haya ndani ya kitabu cha mwingine mbele ya kukipiga chapa. Sisi tulizani limetoka katika Kilatini. Kumbe ni jina la mutu!

Thomas Bowdler alizaliwa mwaka 1754 karibu na mji wa Bath, Uingereza. Alisomea unganga kule Edinburgh akamaliza mwaka 1776, lakini kazi ya kushika wagonjwa haikumpendeza, akaiacha. Akajishugulisha na hali ya wafungwa, tena alikuwa fundi wa mchezo wa sataranji.

Kwao, baba alizoea kusomea watoto michezo ya Shakespeare, na maneno mabaya aliyaruka tu, wao wasijue. Wazo lilitoka pale. Mwaka 1807 kikatokea The Family Shakspeare, vitabu 4, michezo 20, pasipo jina la mwandishi. Mwaka 1818 kikatokea tena, vitabu 10, michezo 36, na jina la Thomas juu yake.

Hapa tusimame kidogo. Kazi ile ya 1807 ilikuwa ya dada yake mukubwa, Henrietta Maria, ambaye hakuolewa. Wakati ule, mwanamke wa namna hiyo akionyesha kwamba ameelewa maneno yale hata akayafuta, ni haya kwake. Basi akanyamaza, na sifa ikaenda kwa ndugu yake. Sisi hatuoni kama ilikuwa haki.

Na walikata namna gani? Pahali watu wa mchezo wanaapa kwa jina la Mungu, waliandika mbingu. Kifo cha Ophelia majini kikawa ajali tu. Lakini Othello ilimushinda Thomas. Akashauri isomwe chumbani, si mbele ya jamaa yote. Tusimucheke sana, maana sisi tunaopitia makaratasi ya gazeti hili mbele ya kwenda kwa mashini, kalamu yetu pia inakatakata, munajua.

Thomas alikufa mwaka 1825 karibu na Swansea, na dada mwaka 1830. Neno lenyewe lilionekana katika maandiko mwaka 1836, nalo lilikuwa neno la kuchekelea. Wote wawili hawakulisikia. Na kwa kuwa dada naye aliitwa Bowdler, lile neno ni lake vilevile.