Tom Bass, Mfunza Farasi

Watoto, mkisikia kwamba Tom Bass aliishi Mexico, msikimbilie ramani ya nchi ile. Mexico yake ni mji mdogo katika jimbo la Missouri, Marekani.

Alizaliwa Missouri mwaka 1859, na kwa kuwa mama yake alikuwa mtumwa, naye akahesabiwa mtumwa. Utumwa ulipofutwa alikuwa bado mtoto. Ukubwani akawa mfunza farasi wa mashindano.

Zama zile farasi mkaidi alichapwa, na lijamu, kile chuma cha mdomoni, likavutwa hata mdomo ukachanika. Tom aliwazoesha farasi wake kwa subira. Kisha akabuni lijamu lisilowaumiza. Hakuliandikisha serikalini liwe mali yake peke yake, basi mafundi wengine wakaliiga bila kumlipa. (Mimi ningeliandikisha!)

Mwaka 1893 alipanda farasi kwenye maonyesho makubwa ya dunia mjini Chicago, mtu mweusi mbele ya umati uliozoea kuona wazungu tu wakishindana. Farasi wake jike, Belle Beach, alijua hata kucheza ngoma.

Alifariki mwaka 1934, mjini kwake Mexico. Lijamu la namna yake bado linatumika.