Jamsetji Tata, mutu aliyepanga muji wa wafanyakazi

Jamsetji Tata alizaliwa mwaka 1839 ku Navsari, mu nchi ya Uhindi, katika jamaa ya makuhani wa dini ya Waparsi. Baba yake aliacha kazi ya ukuhani akaenda kufanya biashara ku Bombay, na mutoto akamufuata. Alisoma kule mpaka 1858, kisha akaingia mu biashara ya baba. Mwaka 1868 akafungua nyumba yake mwenyewe na rupia 21 000.

Hapo tupite mbio, juu matajiri wa pamba walikuwa wengi ku Bombay. Jambo linalotuangalia sisi watu wa kambi ni namna alichunga watu wa kazi. Mwaka 1877 alifungua kiwanda cha pamba ku Nagpur, mbali na Bombay, karibu na mashamba yenyewe. Mule ndani akatia mashini za kulainisha hewa na mabomba ya kuzima moto. Mwaka 1886 akaanzisha sanduku la pansion, na 1895 kompani ikaanza kulipa mutu aliyeumia ku kazi. Wakati ule viwanda vingi vya Ulaya havikuwa bado na mambo hayo.

Lakini hamu yake ilikuwa chuma. Aliona kwamba nchi yenye mawe ya chuma na makala ya mawe inanunua reli kwa wageni, na aliona tena kwamba feza peke yake haitoshi kuyeyusha mawe. Inaomba watu wenye kusoma. Basi mwaka 1892 akaweka mukopo wa masomo kwa vijana wa kwenda kusoma ng'ambo: wakipata kazi, wanarudisha feza ili wengine nao wasome. Mwaka 1898 akajitolea kutoa nusu ya mali yake, manyumba na viwanja vya Bombay, juu ya kujenga iniversite ya sayansi.

Kumbe kutoa mali ni kazi nyepesi kuliko kushawishi Leta! Lord Curzon, mukubwa wa Waingereza mu Uhindi, alikuwa na mashaka: wanafunzi watatoka wapi, na wakimaliza watapata kazi wapi? Ulizo hilo si la bure. Hata leo wazazi wa Likasi na Kolwezi wanaliulizaka kila mwaka. Tata alikuwa na jibu: kiwanda cha chuma njo kitakula wale vijana, na wale vijana njo watashika kiwanda. Mambo yakakokota miaka zaidi ya kumi. Mwisho ufalme wa Mysore ukatoa eka 371 za bulongo ku Bangalore, Leta ikakubali kusaidia, na chuo kikaundwa 1909.

Mwaka 1902 alizunguka Marekani kutafuta mainjenyeri wa chuma. Mwaka ule ule aliandikia mutoto wake Dorabji juu ya muji wa wafanyakazi, na kiwanda kilikuwa hakijapata hata fasi ya kusimama. Alimwambia apange barabara pana, miti ya kivuli yenye kukomaa upesi, bustani, viwanja vya mupira, na fasi ya mahekalu, misikiti na makanisa. Sisi tunaojua kambi zilizojengwa nyumba mugongo kwa mugongo, tunaelewa uzito wa barua ile.

Alikufa tarehe 19 Mei 1904 ku Bad Nauheim, Ujerumani. Hakuona hata kipande cha chuma.

Watoto wake wakaendelea. Mawe yalipatikana ku Mayurbhanj kwa musaada wa P. N. Bose, mujuzi wa mawe aliyekuwa anatumikia mufalme wa pale. Mwaka 1907 Wahindi karibu 8 000 walinunua hisa ku Bombay, na feza yote ikatimia mu wiki tatu. Leta nayo iliahidi kununua tani 20 000 za reli kila mwaka, miaka 10. Bila ahadi ile, nani angesubutu? Chuma cha kwanza kilitoka 1912 ku Sakchi, na mwaka ule kompani ikaanza siku ya kazi ya saa 8.

Asiseme mutu kwamba ilikuwa paradiso. Watu wa kabila za Santal na Ho walipoteza mashamba yao ili muji usimame, na wafanyakazi waligoma 1920, wakagoma tena kwa uchungu 1928. Lakini masomo ya ufundi yalifunguliwa mule mu muji 1921, kusudi watoto washike mashini zilizoletwa na wageni. Mwaka 1950 Leta ya Uhindi huru ikafungua pale laboratware kubwa ya kuchunguza madini, karibu na tanuru.

Wakati wa vita ya 1914-1918, reli za Sakchi zilitumwa mpaka Afrika ya Mashariki. Juu ya hiyo, mwaka 1919, Lord Chelmsford alifika akaupa muji jina la Jamshedpur. Gare iliyoitwa Kalimati ikawa Tatanagar. Mwenye jina alikuwa amezikwa tangu miaka 15.