Sheikh Rifaa at-Tahtawi na Fani Aliyoichagua Ugenini

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Amma baad. Kila mwaka hutujia vijana katika darasa yetu kutuaga, na wengine hutujia kabla ya safari kutaka shauri. Huyu amepata nafasi Cairo, yule Uturuki, mwengine Malaysia au Uingereza. Swali lao huwa ni moja, nalo ni wakasome nini. Na tukiwauliza wao wenyewe wanapenda nini, mara nyingi hatupati jawabu ila jina la kazi yenye mshahara mkubwa, au jina la fani aliyoichagua mwenzao aliyetangulia. Mzazi naye pengine amekwisha kukata shauri tangu mtoto yungali mdogo, wala hakumtazama mtoto mwenyewe ana uwezo gani.

Jambo hili si dogo. Miaka minne au sita ya ujana, na mali ya mzazi, na huenda ikawa na michango ya mtaa mzima, yote hutegemea jina la fani moja litakaloandikwa katika karatasi. Kwa hivyo tumeona tuwaeleze ndugu zetu habari za mwanachuoni aliyekutwa na jambo hili yapata miaka 200 iliyopita, naye akalikata kwa akili na kwa dini. Huyo ni Sheikh Rifaa Rafii at-Tahtawi wa Misri, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Kuzaliwa kwake na kusoma kwake

Sheikh Rifaa alizaliwa mwaka wa 1801, sawa na 1216 Hijria, katika mji wa Tahta, Misri ya Juu. Mwaka huo ndio lilipotoka Misri jeshi la Wafaransa lililoingia pamoja na Napoleon mwaka wa 1798. Kwa upande wa baba alikuwa sharifu, na kwa upande wa mama alitoka katika nyumba ya wanavyuoni. Wazee wake walikuwa na riziki ya kutosha kutokana na haki ya kukusanya kodi za mashamba, lakini Muhammad Ali Pasha, aliyekuja kuitawala Misri baada ya Wafaransa, aliiondoa desturi hiyo, na nyumba ikaingia dhiki. Baba akawa anahama na mwanawe mji hata mji kutafuta maisha, na katika kuhamahama huko mtoto akaihifadhi Qurani. Baba alipofariki, wajomba zake wakamsomesha vitabu vya mwanzo.

Mwaka wa 1817, akiwa na umri wa miaka 16, aliingia Azhar. Huko alisoma Fiqhi, Hadithi, Tafsiri, Nahau na Balagha, na kabla hajatimia miaka 25 alikuwa amekwisha kukaa kusomesha katika msikiti ule ule aliosomea.

Mwalimu aliyemwathiri kuliko wote ni Sheikh Hasan al-Attar, ambaye baadaye alikuwa Sheikh wa Azhar. Huyu alipata kuingiana na wataalamu wa Kifaransa walipokuwa Cairo, akawasomesha Kiarabu, naye akaviona vitabu vyao na vyombo vyao. Kisha akasafiri katika nchi za Waturuki na Sham, akarejea na yakini kwamba hali ya nchi za Kiislamu haina budi kubadilika, na kwamba elimu mpya lazima ziingie. Nyumbani kwake alimsomesha Rifaa tarehe, jiografia na adabu, mambo ambayo wakati ule hayakuwa katika darasa za kawaida za Azhar. Basi kijana huyu aliondoka kwao akiwa tayari ana macho mawili: moja la elimu za wazee wake, na moja la kutazama yaliyo mbele.

Imamu aliyegeuka mwanafunzi

Mwaka wa 1824 alifanywa imamu na mwenye kuwaidhi katika jeshi jipya la Muhammad Ali. Mwaka wa 1826 Pasha akakata shauri kupeleka Ufaransa vijana zaidi ya 40 kwenda kujifunza. Vijana hao walihitaji wa kuwasalisha na kuwakumbusha dini yao ugenini, na Sheikh Hasan al-Attar akamtaja mwanafunzi wake. Basi Sheikh Rifaa aliingia marikebuni Aleksandria kwa cheo cha imamu. Wenzake walikwenda kusoma, yeye alikwenda kuwatumikia wasomao.

Walishuka Marseille, na huko wakakaa muda kabla ya kwenda Paris. Sheikh akaanza kujifunza herufi za Kifaransa pamoja na vijana, naye ni mtu mzima wa miaka 25, amekwisha kuitwa mwalimu, tena amevaa kilemba cha Azhar. Angeweza kuona haya. Angeweza pia kusema moyoni kwamba kazi yake ni kusalisha tu, mshahara wake anaupata, basi ya nini tabu? Hakufanya hivyo. Alipofika Paris alinunua vitabu kwa fedha yake mwenyewe, akamwajiri na mwalimu wa peke yake zaidi ya wale waliowekwa na serikali. Alisoma mchana na usiku mpaka jicho lake la kushoto likadhoofika, na tabibu akamkataza kusoma usiku. Hakuweza kujizuia, akaendelea.

Namna alivyochagua

Msimamizi wa masomo yao alikuwa Edme-François Jomard, mtaalamu wa Kifaransa aliyepata kukaa Misri. Baada ya kujifunza lugha na misingi ya hesabu, kila mwanafunzi alitengewa fani. Wako waliosoma uongozi wa jeshi, wako waliosoma bahari, na mambo ya mabalozi, na utabibu, na kilimo, na kemia, na uhandisi, na kazi ya kupiga chapa. Hizi zilikuwa fani zenye jina. Aliyerejea nazo alitarajia cheo kwa Pasha.

Sheikh Rifaa alishika fani ya tarjuma, yaani kufasiri vitabu kutoka Kifaransa kuvitia katika Kiarabu.

Msomaji huenda akaiona fani hii ni ndogo mbele ya utabibu na uhandisi. Lakini na atazame vizuri. Kwanza, Sheikh alikuwa na rasilimali ambayo wenzake hawakuwa nayo. Wengi wa wale vijana walikuwa wasemaji wa Kituruki, na Kiarabu chao kilikuwa cha kuazima. Yeye alikuwa amekula miaka katika Nahau na Balagha. Lau angeiacha rasilimali hiyo akaenda kuanza upya katika fani isiyokuwa na uhusiano nayo, angaliitupa miaka yake ya Azhar. Pili, aliitazama haja ya nchi yake. Pasha alikuwa amefungua madrasa ya tiba na za askari, na walimu wake wengi ni Wazungu wasiojua Kiarabu, wanafunzi hawajui Kifaransa, na vitabu hakuna. Tabibu mmoja hutibu wagonjwa wake, na akifa huenda na elimu yake. Kitabu cha tiba kilichotiwa katika lugha ya watu huzaa matabibu mia.

Tatu, tarjuma ilimlazimisha kusoma kila elimu, kwani mtu hawezi kufasiri asichokifahamu. Kwa hivyo alisoma hesabu, jiografia, tarehe, mantiki na elimu ya madini, akasoma maandishi ya Montesquieu, Voltaire na Rousseau juu ya sharia na serikali, na tungo za Racine. Alishuhudia pia mapinduzi ya Julai 1830, mfalme alipoondolewa, naye akaandika sababu zake kwa utulivu kama aandikavyo mwanachuoni.

Wala hakumeza kila alichokiona. Aliwasifu Wafaransa kwa bidii yao, kwa usafi wao na kwa kupenda kwao elimu; na akaonya kwamba katika vitabu vyao vya falsafa mna upotofu, na atakaye kuingia humo na awe kwanza amesimama imara katika Qurani na Sunna. Yeye mwenyewe aliweza kuchuja kwa sababu alikuja na chujio. Aliona pia kwamba kwa Wafaransa jina la mwanachuoni hapewi mtu wa dini peke yake, bali hupewa mwenye kuzijua elimu za akili, na akasikitika kwamba Azhar na misikiti mingine mikubwa ya Kiislamu, pamoja na ubora wake katika elimu za dini na lugha, ilikuwa imeziacha elimu hizo ambazo Waislamu wa zamani walikuwa ndio mabwana zake.

Mtihani wake wa mwisho ulikuwa Oktoba 1830. Aliweka mbele ya watahini kazi 12 alizozifasiri, nyingine vitabu, nyingine sehemu za vitabu, katika fani mbalimbali. Akafaulu, na mwaka wa 1831 akarejea kwao.

Matunda ya fani yake

Aliporudi alitiwa katika madrasa ya tiba kuwa mfasiri, kisha katika madrasa ya mizinga, akafasiri vitabu vya kijeshi na vya jometri. Palipokosekana neno la Kiarabu alitafuta katika vitabu vya zamani, na alipolikosa alilichukua la kigeni akalitia katika matamko ya Kiarabu, tena akamwekea msomaji maelezo ya maneno hayo. Mwaka wa 1834 kilipigwa chapa kitabu chake cha habari za Paris, na Pasha akaamuru kisomwe na wakubwa wa serikali.

Mwaka wa 1835 ilifunguliwa Cairo madrasa ya lugha, na haukupita muda yeye akawa mkuu wake. Wanafunzi wake hakuwatafuta katika majumba ya wakubwa. Wengi walitoka Azhar na katika vyuo vya mashamba. Humo walisomeshwa Kiarabu, Kifaransa, Kituruki, na lugha nyinginezo, pamoja na tarehe, jiografia na sharia. Wakatoka humo wafasiri, walimu na mahakimu, na mikononi mwao vikafasiriwa vitabu vingi sana vya tiba, uhandisi, tarehe na kanuni. Hapo ndipo ilipodhihiri hekima ya kuchagua kwake: mtu mmoja alikuwa amekuwa mlango wa watu wote kuingilia.

Mtihani wa pili

Muhammad Ali alifariki mwaka wa 1849, na utawala ulikwisha kufika kwa mjukuu wake Abbas, ambaye hakuyapenda mambo haya. Madrasa ya lugha ikafungwa. Mwaka wa 1850 Sheikh Rifaa akapelekwa Khartoum, kwa jina la kuwa mkuu wa skuli ya watoto, na kwa kweli kulikuwa ni kufukuzwa. Joto na maradhi yaliwaua wenzake kadhaa, miongoni mwao Muhammad Bayyumi, mjuzi wa hesabu aliyesoma Ufaransa.

Hapa vijana wetu wasimame kidogo. Kijana akichagua fani kwa ajili ya cheo, cheo kikiondoka hubakia na nini? Sheikh Rifaa aliondolewa madrasa, nyumba na heshima, lakini hakuna aliyeweza kumwondolea elimu yake. Katika Khartoum alikaa akafasiri hadithi ya Fénelon, mwandishi wa Kifaransa, inayomfundisha mwana wa mfalme uadilifu na kuwaonya watawala na dhulma. Kitabu hicho kilipigwa chapa Beirut mwaka wa 1867.

Mwaka wa 1854, Abbas alipokufa, alirudishwa Cairo. Katika wakati wa Khedive Ismail, pamoja na wanafunzi wake, alifasiri kanuni za Kifaransa za madai. Mwaka wa 1870 akashika uongozi wa jarida la elimu lililotolewa kwa ajili ya madrasa. Na mwisho wa umri wake akatunga kitabu juu ya malezi ya wasichana na wavulana, akihimiza mabanati wasomeshwe kama ndugu zao. Aliandika pia Sira ya Mtume wetu, sala na salamu zimfikie. Alifariki Cairo mwaka wa 1873, sawa na 1290 Hijria.

Nasaha

Ndugu zetu mnaosafiri, hatukuambieni nyote mkasome tarjuma. Twawaambieni mchague kama alivyochagua yeye. Jiulize kwanza una nini mkononi, usikidharau ulichosomeshwa na wazee wako. Kisha jiulize mji wako umekosa nini, si mji wako una nini cha kukupa. Tunao vijana wengi walioshika fani moja kwa kufuatana kama kondoo, wakarudi wakakaa barazani, na huku skuli zetu hazina walimu wa hesabu, wala hatuna wa kutosha wa kutia vitabu vya elimu katika Kiswahili kilicho safi. Na ukiona fani uliyoishika si yako, ulizia mapema kwa walimu wako, usingoje mwaka wa mwisho kwa kuona haya. Sheikh Rifaa hakuona haya kujifunza alifu ya Kifaransa na kilemba chake kichwani.

Nanyi wazazi, mtoto si chombo cha kujifakharishia. Msaidieni kutazama, kisha mwacheni achague.

Na wanaosema kwamba mtu wa dini hana haja ya elimu za dunia, na wanaosema kwamba mtu wa elimu za dunia hana haja ya dini, wote wawili wamejibiwa na maisha ya mtu huyu, aliyekwenda Paris kuwa imamu, akarudi mwalimu wa nchi nzima, na uimamu wake hakuutupa.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Rifaa na walimu wake, awaongoze vijana wetu katika elimu yenye manufaa, na awarudishe kwetu salama na dini zao. Amin.