Prof. Thomas Odhiambo: Msee wa Wadudu Ambaye Kazi Yake Bado Inalinda Maembe ya Embu na Meru

Kuna mahali Kasarani, Nairobi, panaitwa Duduville. Ukisikia hilo jina unaweza dhani ni katuni ya watoto, lakini zii. Hapo ndo makao makuu ya ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu. Wasayansi wa hapo wamezunguka mashamba ya maembe ya Embu na Meru wakipigana na kanzi kadogo kanakoharibu matunda yakiwa bado juu ya mti.

Msee aliyeanzisha hicho kituo anaitwa Thomas Risley Odhiambo. Alikufa 2003 na wasee mob wa rika letu hawajawahi skia jina lake. Wacha tumjue leo, juu kwa maisha yake kuna swali ambalo bado linatusumbua: Mwafrika anaweza fanya sayansi kubwa akiwa kwao, na ni nani ataweka doh?

Kutoka Mombasa hadi Cambridge

Odhiambo alizaliwa Mombasa tarehe 4 Februari 1931. Alisoma Maseno, shule ambayo imetoa wakubwa mob wa hii nchi, alafu akaenda Makerere kule Kampala. Enzi hizo Makerere ndo ilikuwa ndoto ya kila kijana mwerevu Afrika Mashariki.

Baada ya Makerere alipiga kazi ya kilimo Uganda, na huko ndo alizama kabisa kwa wadudu. Alichagua jamii moja ya wadudu wadogo wanaofyonza maji ya mimea. Wengine wao hushambulia pamba na kahawa, kwa hivyo wakulima wa kahawa wa Embu na Meru wanajua hiyo familia hata kama hawajui jina lake la kisayansi. Kuanzia 1958 alianza kuchapisha makala akieleza aina ambazo hakuna mwanasayansi alikuwa ameandika. Hadi wa leo, ukifungua vitabu vya hiyo jamii ya wadudu, utapata jina Odhiambo limeandikwa kando ya majina ya aina kadhaa, juu yeye ndo aliwapa hayo majina.

Alafu akaenda Cambridge, Uingereza, Chuo cha Queens'. Mwalimu wake huko alikuwa Vincent Wigglesworth, jamaa ambaye wanasayansi wa wadudu humheshimu venye watu wa mpira huheshimu Pelé. Chini yake Odhiambo alichunguza uzazi wa nzige wa jangwani dume, akafungua mwili wa mdudu kipande kwa kipande aone tezi zake zinafanya kazi aje. Alimaliza udaktari wake 1965.

Unaweza uliza, nzige dume inasaidia nani? Uliza watu wa Meru, Tharaka na Embu venye Januari 2020 ilikuwa. Nzige waliingia wakafunika anga, watu wakabaki kupiga masufuria na filimbi shambani. Ukitaka kumshinda mdudu kama huyo lazima ujue anazaa lini, wapi, na nini humfanya azae. Hiyo ndo kazi Odhiambo alifanya mapema.

Angebaki majuu, lakini alirudi

Kenya ilikuwa imepata uhuru miaka miwili tu wakati alimaliza Cambridge. Msee kama yeye angepata kazi safi Uingereza bila shida. Alirudi Nairobi kufundisha chuo kikuu, akawa profesa wa kwanza wa elimu ya wadudu hapo na mkuu wa kwanza wa kitivo cha kilimo.

Lakini aliona shida. Mbung'o, kupe, mbu, nzige na funza wa mahindi walikuwa hapa kwetu, wakikula chakula chetu na kutuletea magonjwa. Maabara kubwa za kuwachunguza zilikuwa ng'ambo, na kijana Mwafrika akisoma sana alilazimika kufuata maabara huko huko.

Mwaka wa 1967 aliandika makala kwa jarida la Science la Marekani kuhusu sayansi na maendeleo Afrika Mashariki. Hilo si jarida la kuingia hivi hivi, wasee husumbuka maisha yao yote kutafuta nafasi huko. Wanasayansi wakubwa walianza kubonga kuhusu wazo la kujenga vituo vya kiwango cha juu ndani ya nchi changa. Mmoja wao alikuwa Carl Djerassi, mkemia anayejulikana sana kwa tembe ya kupanga uzazi.

Mwaka wa 1970 ICIPE ikazaliwa, Odhiambo akiwa mkurugenzi, ikianzia kidogo tu pale Chiromo. Mpango wake ulikuwa na akili. Maprofesa wa vyuo vikubwa vya nje walikuwa wanakuja Nairobi mara kadhaa kwa mwaka kuongoza utafiti, na vijana watafiti wanashinda hapa wakipiga kazi yenyewe. Yaani badala ya sisi kupanda ndege kufuata wataalamu, wataalamu ndo walipanda ndege kuja kwetu. Baadaye kikajengwa kituo kingine Mbita, kando ya Ziwa Victoria, na makao makuu yakahamia Kasarani.

Usifomati kabla ujue shida ni gani

Hapa wacha tuingie kwa kompyuta kidogo, utaona mahali inaingiana.

Kosa likiwa kwa programu, watu wa kompyuta huliita mdudu. Kuna stori ya kweli huko. Mnamo 9 Septemba 1947, mafundi wa kompyuta moja kubwa ya Chuo cha Harvard, timu ya kina Grace Hopper, walitafuta kwa nini mashine inasumbua wakapata nondo amekwama ndani. Walimtoa, wakambandika kwa kitabu cha kazi na utepe. Hilo neno lilikuwa linatumika na mafundi hata kabla ya hapo, lakini siku hiyo mdudu alikuwa mdudu kweli.

Sasa fikiria laptopu yako imekwama na unaipeleka kwa fundi Makutano, pale Meru mjini. Kuna fundi wa kwanza, hata hajaiangalia, ashaanza kufomati. Mashine inarudi safi lakini kazi yako ya shule, picha na kila kitu vimeenda. Wiki mbili baadaye inakwama tena, juu shida ilikuwa feni imejaa vumbi na mashine inachemka. Kuna fundi wa pili. Anauliza ilianza lini, ulikuwa unafungua nini, inakwama ikiwa moto ama baridi. Anasafisha feni, anakurudishia mali yako yote.

Kupulizia dawa shamba lote kila wiki ni kufomati. Unaua wadudu wabaya pamoja na nyuki, pamoja na nyigu wadogo ambao kazi yao ilikuwa kumaliza hao wabaya. Wale wachache wanaobaki ndo sugu, wanazaana, na msimu ujao dawa ileile haiwatishi. Odhiambo alikuwa fundi wa pili. Kituo chake kilianza na kumjua mdudu: anakula nini, anavutwa na harufu gani, adui wake ni nani. Dawa kali ilikuwa chaguo la mwisho.

Mfano mtamu ni wa mbung'o. Kule Nguruman, Umaasaini, watafiti wa ICIPE miaka ya themanini walitumia ujuzi kwamba mbung'o anapenda rangi ya bluu na harufu ya ng'ombe. Wakatengeneza mtego wa kitambaa cha bluu na cheusi pamoja na wavu, na kando yake wakaweka chambo cha mkojo wa ng'ombe na asetoni. Mbung'o anakuja akidhani amepata mlo, anaingia, hatoki. Mtego ungeshonwa palepale na wenyeji, na mkojo wa ng'ombe Umaasaini si kitu cha kuagiza ng'ambo. Wafugaji walio karibu na Mbuga ya Meru wanajua vizuri hasara ya huyo mdudu kwa mifugo.

Doh ilikuwa vita yake ya pili

Usidhani njia ilikuwa nyeupe. Utafiti hula doh mob, na doh nyingi ya ICIPE ilitoka kwa wafadhili wa nje. Odhiambo alitumia miaka mingi akibisha milango ya watu kuomba, huku akisukuma serikali za Afrika zijilipie sayansi yao wenyewe. Alikuwa kwa kundi lililoanzisha akademia ya sayansi ya nchi zinazoendelea mwaka wa 1983, pamoja na mwanafizikia Abdus Salam wa Pakistan. Mwaka wa 1985 wakaanzisha Akademia ya Sayansi ya Afrika, yeye akiwa rais wake wa kwanza.

Tuzo zilikuja. Mwaka wa 1987 Tuzo ya Afrika ya uongozi wa kumaliza njaa ilitolewa kwa mara ya kwanza, na waliogawana ni watu wawili: Abdou Diouf, rais wa Senegal, na Odhiambo wetu. Rais wa nchi na msee wa wadudu, jukwaa moja.

Mwaka wa 1994 alitoka ICIPE baada ya karibu miaka 25, kiti kikachukuliwa na Mswisi Hans Herren. Kazi haikufa. Pale Mbita miaka hiyo ya tisini watafiti walimalizia mbinu ya sukuma-vuta. Unapanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi, harufu yake inafukuza nondo wanaoleta funza wa mahindi. Alafu unazungushia shamba nepia, ile nyasi ya ng'ombe, inawavuta nje. Ng'ombe naye anapata lishe mara mbili.

Ile vita ya doh, manze, bado tuko ndani. Sheria ya sayansi ya Kenya ya 2013 ilisema asilimia 2 ya pato la taifa iende kwa mfuko wa utafiti. Hatujafika hata karibu.

2003: mzee anaenda, nzi anaingia

Thomas Odhiambo alikufa Nairobi tarehe 26 Mei 2003, akiwa na miaka 72. Mwaka huohuo, wanasayansi wa ICIPE walitambua Kenya mgeni mbaya: nzi wa matunda kutoka Asia ambaye hakuwa amewahi onekana hapa. Alisambaa haraka kama umbea.

Wakulima wa Runyenjes, Mbeere na Imenti Kusini hawahitaji kuelezwa. Nzi jike anatoboa ganda la embe na kutaga mayai ndani. Kwa nje embe linakaa poa, ukilikata unapata funza wanacheza. Mnunuzi akiona moja anakataa kreti nzima. Mwaka wa 2014 Kenya ilibidi ijizuie yenyewe kupeleka maembe soko la Ulaya sababu ya huyo nzi, na safari zikarudi 2021 pekee. Hiyo ni miaka saba ya doh kupotea.

Dawa ya kawaida haifiki mahali funza yuko, ndani ya tunda. Kwa hivyo ICIPE ilirudi kwa njia ya mzee. Mitego yenye harufu inayovuta madume, ili majike wakose wa kupandana nao. Chambo cha chakula kinachowekwa sehemu chache za mti badala ya kuoga shamba lote. Ukungu unaoua nzi ardhini. Nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mayai ama funza wa nzi na kuwamaliza. Na hema dogo la wavu ambapo mkulima anatupa maembe yaliyoanguka: nzi wakianguliwa wanakwama ndani, lakini nyigu, juu ni wadogo, wanapenya kwa matundu na kurudi shambani kuendelea na kazi.

Utafiti uliofanywa Embu ulionyesha wakulima waliotumia hizi mbinu walipunguza maembe yanayokataliwa kwa karibu nusu, na pesa ya dawa pia kwa karibu nusu. Kwa familia inayolipa karo na maembe, hapo ndo mtoto hubaki shule ama hurudi nyumbani.

Kama hauna hema wala mtego, kuna kitu ya bure unaweza anza nayo leo shagz. Okota kila embe lililoanguka, chimba shimo la angalau nusu mita, zika, funika vizuri. Ongea na majirani wafanye vilevile, juu nzi hajui mpaka wa shamba.

Leo kuna chuo kikuu cha sayansi na teknolojia Nchiru, Meru, na kingine pale Embu. Kijana wa huko anaweza soma mdudu anayekula shamba la shosho yake bila kuhama bara. Wakati Odhiambo alitoka Cambridge 1965 hiyo ilikuwa ndoto, na watu walimwona kama anaota mchana. Maabara sasa ziko, na vijana wako. Kilichobaki ni ile asilimia 2.