Margaret Hamilton, mwalimu wa chekechea aliyeigiza mchawi wa kijani

Juzi kipindini tulipozungumzia wanawake wabaya katika filamu za hadithi za ajabu, wengi wenu mlimtaja mchawi mwenye uso wa kijani, kofia ndefu na ufagio. Ni wa filamu ya The Wizard of Oz ya mwaka 1939. Leo tunamweleza aliyemwigiza.

Margaret Hamilton alizaliwa Cleveland, Ohio, nchini Marekani, mwaka 1902. Alipenda kuigiza, lakini mama yake alitaka kwanza apate kazi ya uhakika. Akasomea ualimu mjini Boston, akafundisha watoto wa chekechea, na jukwaani akaendelea polepole. Mwaka 1938 ndoa yake ilivunjika, akabaki na mtoto mdogo wa kiume wa kumlea peke yake.

Nafasi ya mchawi ilikuwa ya Gale Sondergaard. Studio ya MGM ilipoamua mchawi awe na sura ya kutisha, Gale akajitoa. Margaret akaichukua. Alikuwa na mtoto wa kulisha.

Filamu ilitokana na kitabu cha L. Frank Baum cha mwaka 1900. Kitabuni mchawi wa Magharibi ana jicho moja, na hatuambiwi kuwa ni ndugu wa mchawi wa Mashariki. Filamu ndiyo iliyowafanya dada, na kwetu hilo linabadilisha mambo mengi. Nyumba ya msichana Dorothy inabebwa na kimbunga, inamwangukia dada mtu na kumuua. Viatu vya marehemu anavaa Dorothy, na watu wanaimba na kucheza. Hebu fikirini msiba kama huo kwenu. Hatumtetei mchawi, maana anatishia kumuua mtoto wa watu pamoja na mbwa wake. Lakini ana kisa chake, na filamu haikumpa nafasi ya kuomboleza. Kwa jumla anaonekana kama dakika 12 tu.

Dakika hizo zilimgharimu. Tarehe 23 Desemba 1938, katika tukio la mchawi kutoweka kwa moshi na moto, moto uliwashwa kabla hajamaliza kushuka kupitia mlango wa sakafuni. Aliungua uso na mkono. Rangi ile ya kijani ilikuwa na shaba ndani yake, ikabidi isuguliwe kwa spiriti juu ya ngozi iliyoungua. Alikaa wiki kadhaa nyumbani. Aliporudi, alikataa kabisa kuigiza tena penye moto.

Kilichomsumbua zaidi ni watoto. Walimwogopa, yeye mwalimu wao! Mwaka 1975 alikwenda kwenye kipindi cha watoto cha Fred Rogers, akavaa vazi la mchawi kipande kimoja kimoja mbele ya kamera, ili waone kuwa ndani yake yumo mtu. Akaeleza pia kwamba mchawi yule ni mtu asiyepata kamwe anachokitaka. Mwaka uliofuata alivaa tena vazi lile katika Sesame Street. Wazazi wakalalamika kuwa watoto wameogopa, na kipindi hicho kikawekwa kando.

Margaret alifariki tarehe 16 Mei 1985. Miaka kumi baadaye, Gregory Maguire alitoa riwaya ya Wicked, inayomsimulia mchawi huyo tangu kuzaliwa kwake. Mwaka 2024 ikatoka filamu yake, akiigiza Cynthia Erivo. Humo mchawi ana jina, Elphaba. Margaret alimwigiza bila jina.