Hukwe Zawose na Nyimbo Zilizohama Kijijini

Wanachuo wenzangu, mwaka huu kikundi chetu cha maigizo kiliamua kuirudisha jukwaani Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969. Wengi wetu tuliisoma sekondari. Mimi nasoma ualimu, mwaka wa tatu, ni Mgogo wa Mvumi, na ndiye niliyetoa wazo la kuongeza wimbo wa muheme pale wapiganaji wanapojiandaa kwa vita. Nilijua ukumbi wa Dodoma ukisikia muheme hautakaa kimya. Wazo likapita bila ubishi. Halafu mwenzetu mmoja akauliza wimbo wenyewe unasema nini, nikabaki natoa macho. Niliujua kwa sauti tu, kama kasuku.

Aibu ile ndiyo iliyonipeleka kwenye maisha ya Hukwe Zawose.

Mzee Zawose alizaliwa kijiji cha Doduma, hapa hapa mkoani kwetu, enzi za mkoloni. Alikulia kwenye muziki wa Kigogo: zeze, ilimba na uimbaji wa sauti nyingi zinazopishana bila kugongana. Yeye mwenyewe aliweza kushuka na sauti nzito ya chini, kisha akapanda juu kabisa. Baada ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alitaka taifa jipya lijitambue kwa utamaduni wake, na mwaka 1962 akaunda wizara ya kushughulikia jambo hilo. Zawose akaitwa Dar es Salaam. Kijana wa Doduma akawa msanii wa taifa.

Sasa fikiria kazi aliyoikuta huko. Kwenye kikundi cha taifa, ngoma za Wagogo, Wamakonde, Wasukuma na wengine zilipangwa kwenye onyesho moja. Ngoma ya kukesha usiku kucha ikafupishwa iingie kwenye dakika chache, mbele ya watu waliokaa kwenye viti. Kila wimbo ulikuwa umetolewa kwao na kupachikwa pengine. Baadaye kazi hiyo ikahamia Bagamoyo, kwenye Chuo cha Sanaa kilichoanza mwaka 1981, na Zawose akawa mmoja wa nguzo zake.

Jambo hili halipo kwetu tu. Huko New York, mchezo wa nyimbo uitwao Anything Goes, wa mwaka 1934, uliporudishwa jukwaani mwaka 1962 na tena 1987, waandaaji waliongeza nyimbo ambazo mtunzi Cole Porter aliziandika kwa michezo mingine. Watazamaji walifurahi. Lakini zote zilikuwa za mtunzi mmoja. Za kwetu zina wenyewe, zina msimu na zina shughuli yake.

Zawose alihamisha nyimbo maisha yake yote. Alizipeleka Ulaya, na mwaka 1996 akatoa albamu ya Chibite. Mwaka 2002 akatoa Assembly pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada, ilimba na vyombo vya umeme vikikaa meza moja. Tena hakuogopa kubadilisha: alitengeneza ilimba kubwa zenye vijino vingi kuliko zile za kijijini, na zeze zenye nyuzi nyingi. Kwa hiyo mtu asimtumie mzee huyu kusema kwamba wimbo usiguswe. Aliugusa sana. Ila alijua anachokigusa. Aliendelea kuimba Kigogo pamoja na Kiswahili, na aliwafundisha ndugu na watoto wake hadi nyumba yake Bagamoyo ikawa kama shule.

Basi nikampigia simu bibi yangu Mvumi. Akacheka mpaka nikamsikia anakohoa. Kumbe wimbo wangu ni wa sherehe za jando, wa kuwapokea vijana waliotoka kutahiriwa. Mimi nilitaka kuwaimbia watu wa Kusini wanaokwenda kufa kwa risasi za Wajerumani! Mgogo yeyote mtu mzima ukumbini angejiuliza tumerogwa au vipi.

Kwenye mkutano uliofuata niliomba wimbo wangu utolewe. Haikuwa rahisi, maana tulikuwa tumeshaufanyia mazoezi wiki mbili na wapigaji walikasirika. Tulikubaliana hivi: mwenzetu mmoja anayetoka Kilwa awaulize wazee wa kwao wimbo unaofaa pale, na muheme upigwe mwisho, baada ya mchezo kwisha, tukiwaeleza watu ni ngoma ya nini. Sisi tutakaokwenda kufundisha tuanze na tabia hiyo. Mwanafunzi akikuuliza wimbo unasema nini, uwe na jibu.

Hukwe Zawose alifariki Bagamoyo Desemba 2003. Miaka ishirini baadaye, mwaka 2024, binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walitoa albamu yao, Maisha, wakijiita The Zawose Queens. Zamani wanawake wa familia ile waliitikia nyuma. Sasa wao ndio wanaoongoza. Hayo nayo ni mabadiliko makubwa, na yamefanywa na watu wanaojua maana ya kila neno wanaloimba.